Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Tanzania: Hisa asilimia 51 hazimlindi daktari

Mheshimiwa Waziri,

Sheria ya 1977 ilifunga milango ya tiba binafsi ya kibiashara nchini. Marekebisho ya 1991 yakaifungua. Tangu hapo tumebishana mno kuhusu nani amiliki hospitali, na kidogo kuhusu nani aamue ndani ya chumba cha daktari.

Ikiwa Wizara itafikiria kuwawekea madaktari kiwango cha chini cha hisa, itazame kwanza yaliyoikuta Oregon, Marekani. Huko sheria iliwataka madaktari wawe na zaidi ya nusu ya hisa katika kampuni ya tiba. Wawekezaji wakapita kando. Waliunda kampuni ya uendeshaji, ya kusimamia biashara ya kliniki, hisa za kliniki zikaandikwa jina la daktari mmoja aliye rafiki yao, naye akasaini mkataba wa pembeni: siku wakitaka, anazihamishia kwa daktari mwingine wamtakaye, kwa bei ndogo ya kuonyesha tu. Kwenye makaratasi ni mwenye mali. Kumfukuza mhasibu wake hawezi.

Juni 2025 Oregon ikapitisha muswada SB 951. Wenye kampuni ya uendeshaji na maofisa wake hawaruhusiwi tena kushika zaidi ya nusu ya hisa za kliniki wanayoihudumia, na mikataba ile ya kuhamisha hisa imebanwa. Kampuni haipangi dakika za kumwona mgonjwa, haiajiri wala kufukuza madaktari, haigusi misimbo ya utambuzi wa ugonjwa, yaani alama za kuandikia ugonjwa. Kampuni zilizokuwapo kabla ya sheria hiyo zimepewa hadi Januari 1, 2029, muda ambao kwetu ni mrefu kupita kiasi.

Hapa kwetu hatari iko kwenye malipo. Bima inapolipa kwa kila huduma, mmiliki hana haja ya kumwamuru daktari. Anamwekea lengo la vipimo na wagonjwa wa kulazwa kwa mwezi, na posho juu yake. Tunaomba kanuni ipige marufuku posho ya namna hiyo, na mkataba wa uendeshaji uwasilishwe pamoja na maombi ya leseni, viambatisho vyote vikiwemo, maana kifungu cha kuhamisha hisa hujificha humo.

Mtaji hatuukatai. Mwekezaji anunue jengo na mashine ya CT, alipwe ada isiyobadilika. New York hairuhusu ada ya asilimia ya mapato, kwa sababu anayelipwa asilimia hufaidika na kila kipimo cha ziada.

Majalada ya wagonjwa yabaki mikononi mwa daktari mwenye dhamana, na anayepeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika asifukuzwe kwa hilo.

Kwa heshima,
Madaktari na wanasheria wa afya