Unaleta watu 14 kwenye chumba cha mafumbo? Anza na hesabu hii

Simu nyingi za makundi tunazopokea kwenye vyumba vyetu vya mafumbo hapa Arusha huanza hivi: "Tuko kumi na wanne, tunataka chumba kimoja tucheze wote pamoja." Tukisema haiwezekani, mteja anahisi tunataka kumuuzia vyumba viwili. Tueleze sababu, halafu tugusie na mambo mengine ambayo mratibu wa kundi anatakiwa kuyaweka sawa kabla gari halijaondoka.

Kama kuna bosi au mweka hazina anayekuuliza hiki ni kitu gani, mwambie hivi. Kundi linaingia kwenye chumba kilichopambwa kikafanana na mahali fulani, tuseme ghala la kahawa au kambi ya watafiti porini, chenye mwanga wake, sauti zake na hata harufu yake. Ndani kuna mafumbo, makufuli na droo za siri. Mna dakika 60 kukamilisha kazi mliyopewa. Mwongoza mchezo anawatazama kwa kamera na kuwapa dokezo mkikwama. Mchezo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, ukafika Budapest mwaka 2011, na leo uko karibu kila bara. Hauhitaji nguvu wala mbio. Shangazi mwenye macho makali anaweza kuwashinda vijana watatu wa gym.

Kwa nini si wote kumi na wanne

Chumba kimoja kinataka watu 4 hadi 6. Vyumba hujengwa kwa namna mbili. Kuna vile ambavyo mafumbo yanafuatana: ukitegua la kwanza unapata namba ya kufungulia la pili, la pili linakupa ufunguo wa la tatu. Wakati wowote kazi iliyopo mezani ni moja, na mara nyingi imeandikwa kwenye kikaratasi kisichozidi kiganja. Wawili wanakisoma, wa tatu anachungulia begani, wa nne anauliza "imeandikwaje?" Wa nane ameegemea ukuta anahesabu dakika zilizobaki. Huyo amelipa sawa na wenzake na atatoka akisema mchezo ni wa kawaida tu.

Namna ya pili, mafumbo matatu au manne yanakuwa wazi kwa pamoja, kila moja kwenye kona yake, na majibu yake yanakutana mwishoni. Hapo hata 7 au 8 wanapata kazi. Kwa hiyo popote unapopiga simu, iwe kwetu au kwingine, uliza: mafumbo yanafuatana au yanafunguka kwa pamoja? Anayekujibu "yote ni mazuri" hajakujibu.

Wawili peke yao wanaweza kuingia, ila kama ndiyo mara yao ya kwanza, dakika 60 zitawabana. Watatu waliowahi kucheza wanatosha kabisa.

Sasa hesabu ya muda. Zamu moja inakwenda hivi: dakika 15 za maelezo na kuweka simu kwenye kabati, 60 za mchezo, 10 za picha na kuoneshwa mafumbo mliyoyaacha, kisha sisi tunahitaji 20 kurudisha kila kitu mahali pake, kwa sababu kufuli moja tu likisahaulika wazi linaharibu mchezo wa wanaofuata. Jumla ni dakika 105. Kundi la watu 24, kwa vyumba viwili vya watu sita sita, litacheza zamu mbili, na tangu wa kwanza waingie hadi wa mwisho watoke ni saa 3 na dakika 10. Watu 14 mkigawanyika wanne wanne kisha watatu watatu, muda ni huohuo. Ndiyo maana kundi la 14 hatulipangii zamu inayoanza saa 11 jioni halafu liwe mezani saa 1 usiku.

Wanaosubiri zamu ya pili wapangieni kitu cha kufanya. Wakati mzuri wa chakula ni huo, ila kisiwe kizito. Ukitoka kwenye ugali na nyama choma ukaingia chumba chenye mwanga hafifu, usingizi unakuja wenyewe. Chai na vitafunwa vinatosha. Karamu iwe baadaye. Bia pia zisubiri: aliyekwisha kunywa hatumruhusu kuingia, na hilo halina mjadala. Na waliotoka zamu ya kwanza waende moja kwa moja kule kwenye chakula, wasikutane na wenzao mlangoni. Mtu aliyetoka kufungua sanduku la mwisho hawezi kunyamaza, hata akiapa.

Nani aingie na nani

Msigawane kwa idara. Wahasibu watano wakiingia pamoja watakomaa na namba hata pale ambapo jibu ni picha ukutani. Changanyeni umri, kazi na tabia: mmoja mpekuzi wa kila droo, mmoja wa mahesabu, mmoja anayependa kupanga vitu mezani, mmoja asiyeona haya kusema "mbona tumerudi palepale?" Mkubwa wa ofisi ni suala lake. Akiwa mtu wa kuamuru, wenzake wataacha kusema wanachokiona, na dokezo litabaki mfukoni mwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Mwambieni mapema kwamba humo ndani kazi yake ni kutunza muda. Wengi wanafurahi. Wanandoa tunawauliza kama wanataka chumba kimoja; wapo wanaoomba kutenganishwa, na hatuulizi zaidi.

Vilevile, mtuambie kabla kama kuna asiyetofautisha nyekundu na kijani, asiyesikia vizuri, anayetumia kiti cha magurudumu, mjamzito, mwenye kifafa au anayeogopa sehemu zilizobana. Kwa wengi wao tunaweza kuzima taa zinazomulika, kuacha kipande cha kutambaa au kubadilisha chumba. Tukiambiwa mlangoni, nafasi ya kufanya hivyo huwa imepita. Watoto chini ya miaka 10 waingie na mtu mzima.

Na miwani! Wazazi na wakubwa wanaacha miwani ya kusomea kwenye gari kwa kuwa "tunakwenda kucheza." Maandishi ni madogo, mwanga ni mdogo. Ileteni. Viatu viwe vya chini, na mwezi wa sita na wa saba mje na sweta, baridi ya Arusha mnaijua.

Mnapokwamia ndani

Kinachowaangusha watu wengi si ugumu wa fumbo. Ni kufuli la namba. Mmepata namba sahihi, mnaiweka, halifunguki, mnaanza kutilia shaka jibu na kupoteza dakika kumi kurudia fumbo ambalo mlikwisha kulitegua. Angalieni mstari au kitone kilichochongwa kwenye mwili wa kufuli: tarakimu zipangwe pale, si ukingoni wala pale zinaposomeka vizuri machoni pako. Kila gurudumu likae sawasawa, lisiwe katikati ya namba mbili. Wala msivute chuma cha juu huku mnazungusha, kwa sababu mvutano huo unakaza magurudumu. Panga kwanza, kisha vuta. Likikataa, soma namba kutoka upande wa pili, maana huenda umelishika kichwa chini.

Kubahatisha nako kuna hesabu yake. Kufuli la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000. Kwa sekunde tatu kila jaribio, ni zaidi ya saa nane. Lakini kama tarakimu tatu mnazijua na imebaki moja, majaribio ni kumi tu, nusu dakika imekwisha. Hiyo si kuiba mchezo, ni akili, fanyeni.

Mengine kwa haraka. Unachokiona kiseme kwa sauti, hata kama unadhani wenzako wamekiona. Vilivyopatikana viwekwe meza moja, visitembee mifukoni. Ufunguo uliokwisha kufungua, uache kwenye kufuli lake. Kwa kawaida hautatumika tena, na hivyo hamtaujaribu mara ya pili kwenye kila sanduku. Karatasi zilizotumika zipige chini ya meza. Soketi, dari na vitu vyenye alama ya duara jekundu si sehemu ya mchezo, hakuna haja ya kupanda juu ya kiti. Na hakuna kinachohitaji kuvunjwa: kama unatumia nguvu kuliko unavyofungua mlango wa kabati la nyumbani, umekosea mahali.

Dokezo ombeni mapema. Makundi ya wanaume, tunasema ukweli, yanakaa dakika 15 mbele ya fumbo moja kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuomba msaada. Dakika tano bila hatua yoyote zinatosha, inueni mkono kwenye kamera.

Umeme ukikatika, mlango unafanya nini?

Hili ndilo swali tunalopenda kuulizwa, na ni haki yako kuliuliza kila mahali. Makufuli mengi ya vyumba hivi ni ya sumaku ya umeme: sumaku inashika pale tu inapopata umeme. Umeme ukiondoka inaachia, mlango unafunguka. Sehemu ya kutokea inapaswa kuwa hivyo, pamoja na kitufe cha dharura kando ya mlango ambacho mchezaji anakibonyeza mwenyewe bila kumwita mtu. Kwetu inveta inabeba kamera, taa za dharura na saa ya mchezo. Ikitokea vifaa vya chumbani vimezima, saa inasimamishwa na mnafidiwa dakika zenu.

Swali hili si la woga. Januari 2019, huko Koszalin, Poland, moto uliua wasichana watano wa miaka 15 waliokuwa ndani ya chumba cha aina hii. Kwa hiyo ukifika mahali wakakuambia mlango unafungwa kwa funguo kutoka nje na mwenye funguo "yupo hapo tu," rudisha watu wako kwenye gari. Hisia ya kufungiwa inatengenezwa kwa taa na sauti. Mlango wenyewe uwe wa kutoka muda wowote. Anayetaka kwenda msalani atoke, arudi.

Safari na siku

Kutoka Moshi hadi kwetu Arusha ni takriban kilomita 80, lakini msipige hesabu ya saa moja. Vibao vya kilomita 50 kwa saa vinaanza kukuandama vijijini, na askari wa barabarani wako kazini. Wekeni saa mbili. Jumamosi kuna soko Tengeru, kwa hiyo kuanzia Usa River gari linaweza kutembea polepole. Ongezeni nusu saa. Anayetokea Njiro au Sakina hana visingizio, ila mvua za masika zina mambo yake.

Fikeni dakika 20 kabla. Mkichelewa kwa dakika 25 tutawapokea, lakini zinakatwa kwenye mchezo wenu, maana kundi lililo nyuma yenu nalo limefika kwa wakati.

Kabla ya kuchagua siku, uliza kundi lako. Jumamosi mchana Wasabato hawatakuwepo, Ijumaa Waislamu wanahitaji kumaliza swala kwanza, na mwezi wa Ramadhani zamu ya baada ya futari inapendwa kuliko zote. Jumanne hadi Alhamisi ndiko kwenye nafasi nyingi, hasa kati ya Juni na Oktoba, ambapo wikiendi zinachukuliwa mapema na wageni wa safari.

Michango

Mratibu, usihesabu waliosema "nipo" kwenye kundi la WhatsApp. Hesabu waliotuma hela. Weka siku ya mwisho ya kuchanga, siku nne kabla ya tarehe, na wote wachange kwenye namba moja. Wakianza kutulipa mmoja mmoja, hamtajua nani kalipa. Tunachukua kianzio cha nusu kushika nafasi, iliyobaki siku yenyewe. Bei ni ya mtu, si ya chumba, hivyo akipungua mmoja mkatujulisha siku mbili kabla, hamlipii kiti chake. Akipungua asubuhi ileile, tumekwisha kupanga vyumba na hela yake haitarudi. Kwa ofisi zinazohitaji risiti ya EFD yenye jina la kampuni, tupeni jina kamili na namba ya TIN wakati wa kulipa kianzio, msisubiri mpaka mko mlangoni mnaondoka.

Ujumbe wa kuagiza uwe na tarehe, idadi ya watu na umri wa mdogo kabisa, wangapi wamewahi kucheza, mafumbo mnayataka kwa Kiswahili au Kiingereza, na hayo ya afya tuliyoyataja. Saa iandikeni kwa maneno: "saa nane mchana." Anayeandika "2:00" tunampigia simu kuhakikisha, kwa sababu kwenye kundi lake lazima atakuwepo mmoja wa kufika saa mbili asubuhi, geti likiwa bado limefungwa.