Orodha ya shule bora haisemi yote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya kuzipanga shule hadharani kwa wastani wa alama za mtihani. Shule inayowachuja wanafunzi mlangoni na kuwachukua wale walio tayari kufaulu hushika nafasi ya juu hata kama haikuwaongezea kitu, ilhali ile iliyompokea mtoto asiyejua kusoma na kumfikisha kwenye kiwango cha kufaulu huandikwa mkiani. Katika shule yenye watahiniwa 20, wawili tu wakiugua siku ya mtihani, wastani huporomoka, na mwalimu mkuu huitwa kujieleza. Wales iliacha kuchapisha orodha hizo mwaka 2001. Mzazi na apewe matokeo ya mwanawe, yakiambatana na kiwango alichoanzia.

Msomaji wako