Watoto wafunzwe Waanishinaabe, si kofia za karatasi

Mhariri salamu, mi ni mzazi Mkenya naishi huku Duluth, Minnesota. Juzi binti yangu katoka shule na kofia ya manyoya ya karatasi, ati ndo wamesoma habari za wenyeji wa Marekani. Aki nilichoka. Hapa tunapokaa ni kwao Waanishinaabe, yaani Waojibwe na ndugu zao Waodawa na Wapotawatomi, hata jina Mississippi limetoka kwa lugha yao, misi-ziibi, mto mkubwa, na mtoto anakariri herufi zake mwaka mzima bila kuambiwa hilo.

Si wawapeleke ziwani mwisho wa Agosti hivi waone manoomin ikivunwa, ule mchele wa mwitu unaoota majini? Mmoja anasukuma mtumbwi kwa upondo, mwenzake ameketi anainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyapigapiga taratibu kwa kingine, punje zinadondoka mtumbwini na zingine zinarudi majini ziote mwaka ujao. Na hadithi za Nanabozho, yule mjanja wa ngano zao, Waanishinaabe wanazisimulia wakati wa theluji tu, kama vile nyanya alivyotukataza hadithi za mchana (ati utaota mkia!). Binti yangu kusikia hivyo akaniuliza, "kumbe wako kama sisi?"

Na zile shule za bweni za zamani wasiruke, walikopelekwa watoto wa Waanishinaabe wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha ya mama. Mtoto wa darasa la nne anaelewa, wangu nilimwambia na akaelewa.

Mama wa watoto wawili, Duluth