Fundi uashi aliyekataliwa Henley

Baba shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yangu. Huku Philadelphia tuko salama kabisa.

Nimekutana na habari za mtu mmoja nikaona lazima nikuandikie. Pembeni ya mto Schuylkill kuna sanamu ya jamaa kakaa kwenye boti anapiga makasia, anaitwa John B. Kelly, na huyu bwana baba alikuwa fundi wa matofali kama wewe! Kazaliwa hapahapa 1889, wazazi wametoka Ireland, wako watoto kumi nyumbani. Akawa anajenga na makasia anapiga, ubingwa wa Marekani akauchukua, halafu vita ya kwanza ya dunia ikamkuta, akaingia jeshini na wakampeleka Ufaransa, huko hadi ngumi alicheza.

Karudi mzima, mwaka 1920 akaomba kushindana boti ya mtu mmoja kule Henley, Uingereza, ndo mashindano makubwa ya makasia, wakamkatalia. Klabu yake ya Vesper walishaifungia tangu 1906, na juu ya hapo sheria zao hazikumtaka mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikono, eti misuli ya kazi inamsaidia kuwashinda waungwana. Baba iliniuma sana hii, mtu katoka vitani juzijuzi, tena upande wao haohao, leo tofali limekuwa kosa.

Basi mwaka uleule ikaja Olimpiki ya Antwerp. Fainali akakutana na Jack Beresford, Muingereza aliyeshinda Henley ile ile aliyokataliwa yeye, naye pia askari, aliumia mguu vitani Ufaransa. Mita 2000 Kelly kamshinda kwa sekunde moja tu, inasemekana wamechoka mpaka kupeana mikono wakashindwa. Na haikupita saa nzima karudi majini na binamu yake Paul Costello, boti ya watu wawili, dhahabu nyingine!! Mimi hapo ndo nilisimama kusoma nikashika kichwa.

Baadaye alifungua kampuni yake ya ujenzi ikawa kubwa sana. Na mwanae, naye John, mwaka 1947 alienda Henley kwenye shindano lilelile walilomnyima baba yake, akashinda.

Naomba dogo umsomee hii barua yote, si anasema anauonea aibu ufundi mbele ya wenzake. Nikipata picha nzuri ya sanamu nakutumia Whatsapp. Nawapenda sana.

Mwanao