Kitunguu saumu, shubiri na mwarobaini kwa vifaranga: je, bakteria wazuri wanabaki salama?

Wafugaji wa Bahati, Njoro na Rongai wanaofika dukani kwetu hapa Nakuru wanatuuliza sana swali hili: "Nikiwapa vifaranga kitunguu saumu au mwarobaini badala ya antibiotiki, si ni salama, maana ni vitu vya shambani?" Tunawajibu kwamba mimea hiyo ina nguvu kweli, na kwa sababu ina nguvu lazima ipimwe. Kinachoua bakteria wa ugonjwa kinaweza kuua na wale ambao kuku anawategemea.

Kuku ana vifuko viwili pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo wamejaa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi ambazo kuku mwenyewe hawezi kuzisaga. Katika kuchachusha huko hutoka asidi ya butiriki, nayo hulisha ukuta wa utumbo. Tena wakishajaa humo, Salmonella, bakteria wa ugonjwa, akiingia hana pa kukaa. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ufini, Nurmi na Rantala, walieleza jinsi vifaranga waliopewa vitu vilivyotoka katika utumbo wa kuku wakubwa wenye afya walivyoikinza Salmonella kuliko wenzao wasiopewa.

Kifaranga anayeanguliwa chini ya mama yake hupata bakteria hao bila msaada wa mtu: anadonoa mama anapodonoa, analala alipolala mama. Wa mashine hajawahi kumwona kuku mkubwa. Anakufikia ndani ya boksi, utumbo wake ukiwa ndio kwanza unaanza kupata wakazi. Ukimpokea kwa maji mazito ya kitunguu saumu siku hiyo hiyo, unawapiga wakazi hao kabla hawajatulia. Kwa hiyo wateja wetu tunawaomba jambo moja: juma la kwanza, vifaranga wapate joto, maji safi na chakula kizuri. Mitishamba isubiri.

Baada ya hapo, kila mmea una tabia yake. Kitunguu saumu kizima hakina alisini, ile kemikali inayoua bakteria. Alisini hutokea kikikatwa au kikipondwa, na haidumu. Ukikichemsha kizima kwanza, kimeng'enya cha kuitengeneza kinakufa, na maji ya jana hayana nguvu ya leo. Wakati huohuo kitunguu saumu kina fruktani, sukari ndefu ambazo bakteria wazuri wanazila. Kwa hiyo kuku mkubwa akichanganyiwa kidogo kilichokatwakatwa kwenye chakula, sisi hatuna wasiwasi. Wasiwasi wetu ni juisi nzito inayowekwa kwenye maji kila siku, mwezi mzima, kuku akiwa hana maji mengine ya kunywa.

Shubiri ndiyo inayotuletea kesi nyingi zaidi. Chini tu ya ganda la jani kuna utomvu wa manjano wenye aloini, na bakteria wa utumbo wanaigeuza kuwa kitu kinachoharisha. Ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa. Mfugaji anakata jani zima, analoweka, kuku wanaanza kuharisha maji, naye anadhani ni ugonjwa na kuongeza shubiri. Ukitaka kuitumia, kata jani, lisimamishe utomvu wote utiririke, kisha menya utumie ute peke yake. Mwarobaini nao ni mchungu. Ukizidi, kuku wanapunguza kula na wanadumaa.

Yanayohitaji uangalifu kuliko yote ni mafuta makali ya mimea, kama ya thaimu na oregano. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, viwanda vya chakula cha mifugo viliyakimbilia mafuta haya kwa nguvu zaidi. Timoli na kavakroli zilizomo hutoboa utando wa bakteria. Katika baadhi ya vipimo vya maabara, jamii ya Lactobacillus, ambao ni wazuri, wamestahimili kuliko E. koli, bakteria ambao baadhi yao huleta ugonjwa, lakini kipimo kikipanda tofauti hiyo inapotea. Sehemu kubwa ya mafuta hayo pia hunyonywa mapema, kabla ya kufika mwisho wa utumbo, ndiyo maana viwanda vingine huyafunika kwa shahamu. Bidhaa nyingi za aina hii hutiwa kama gramu 100 kwa tani moja ya chakula. Tani ni magunia 14 hivi ya kilo 70, kwa hiyo ni kama gramu 7 kwa gunia. Mtu anayekadiria kwa kifuniko cha chupa anaweza kuzidisha mara kadhaa bila kujua, na kwa sababu hiyo sisi hatumuuzii mtu mafuta haya asiyekuwa na mizani.

Na tafadhali, kideri, ambacho wengi hapa mnakiita Newcastle, ni kirusi. Kitunguu saumu hakichukui nafasi ya chanjo. Siku ya kuchanja kwa maji, maji yawe matupu: yasiwe na klorini, dawa wala mitishamba. Kinyesi kikiwa na damu, usipoteze siku ukijaribu majani. Mwite daktari wa mifugo.

Kama unatumia mchanganyiko wako wa nyumbani, pita nao dukani. Tuambie umeweka nini, kiasi gani, kwa lita ngapi, na kuku wana umri gani. Tutaupima na kuukokotoa pamoja nawe bila malipo. Ukinunua unga wa bakteria wazuri, usiutie kwenye chombo kimoja na mitishamba. Mpe kuku kimoja, umalize, ndipo uanze kingine.