Boksi la simu lituambie: viraka mpaka lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu simu tunazouziwa. Kila pesa ya mtu inapopotea kwenye simu, ushauri ni uleule: usimtajie mtu namba ya siri, usibonyeze linki usiyoijua, ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ufute. Ushauri ni mzuri, na wizi mwingi kweli unaanza kwa mwenye simu kudanganywa. Ila kuna hatari nyingine ambayo mwenye simu hawezi kuizuia hata awe mwangalifu vipi, na hiyo sioni ikisemwa.

Mimi ni fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Riziki yangu ni vioo, betri na matundu ya chaji. Nikimaliza kutengeneza, kabla sijamkabidhi mteja simu yake, huwa naingia kwenye Mipangilio naangalia tarehe ya sasisho la usalama, yaani marekebisho ya mwisho ambayo mtengenezaji aliituma simu hiyo kuziba makosa. Wateja wengi hawajawahi hata kufika hapo. Juzi mama mmoja wakala wa fedha, anakaa Tandika, kaniletea simu haishiki chaji. Kaitumia miezi michache tu, kainunua mpya, boksi na risiti anavyo. Tarehe niliyoikuta ni ya miaka mitatu nyuma. Nikabonyeza kutafuta sasisho, ikazunguka weee, ikajibu kwamba mfumo uko sawa, hakuna jipya. Wala haikudanganya: mtengenezaji hajatoa jingine. Na floti yote ya mama yule inapita humo.

Kwa nini nahangaika na tarehe? Ndani ya kila simu ya Android, chini kabisa ya WhatsApp na programu za benki, kuna kiini cha mfumo endeshi, yaani keneli, kilichotokana na Linux aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Keneli ndiyo inayogawa memori, ndiyo inayozuia programu ya tochi isisome mafaili ya programu ya benki. Mwizi akishaikamata keneli, ulinzi uliobaki ni wa kujifariji, maana anayetoa ruhusa sasa ni yeye.

Makosa humo hayaishi, na simlaumu mtu kwa hilo. Ni mamilioni ya mistari ya kodi, yaani maandishi ya programu. Kosa lililoitwa Dirty COW lilizibwa Oktoba 2016, na Torvalds mwenyewe aliandika kwenye maelezo ya kiraka, yaani kipande cha programu cha kuziba kosa, kwamba ni kosa la kale, aliwahi kujaribu kuliziba miaka 11 kabla, akaliziba vibaya. Mkubwa wao huyo. Kwa hiyo ukiona muuzaji anasema simu yake haina tundu la usalama, mwache aongee.

Kisa kinachonikera ni kingine, cha mwaka 2019. Kwenye keneli ya Android kuna sehemu inaitwa Binder, inayopitisha mawasiliano kati ya programu na programu. Ilikutwa na kosa hili: kipande cha memori kinarudishwa kwa mfumo kama kisicho na kazi tena, lakini sehemu nyingine ya keneli bado inayo anwani yake na inaendelea kukitumia. Ni sawa na mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo wa chumba. Mshambuliaji anachofanya ni kuwahi kuweka data zake kwenye kipande kile kilichoachwa, kisha keneli inazisoma ikidhani ni zake yenyewe. Kuanzia hapo programu ya kawaida inaweza kufika mahali ambapo haikuruhusiwa.

Sasa sikiliza. Kosa hilo lilikuwa limeshagunduliwa Novemba 2017 na programu ya Google ya kupima keneli, na kiraka kikaingizwa kwenye Linux mapema 2018. Kimeandikwa, kipo, kila mtu anaweza kukisoma. Lakini kosa halikupewa namba ya utambulisho kama ilivyo desturi kwa makosa ya usalama, wala kiraka hakikuingizwa kwenye taarifa za kila mwezi za usalama wa Android, hivyo simu nyingi zikaendelea kutoka kiwandani bila hicho kiraka. Mwishoni mwa Septemba 2019, Maddie Stone wa Google aliripoti kwamba tundu lilelile bado limo kwenye simu, na kuna dalili watu wanalitumia kushambulia. Ndani ya orodha: Pixel 2 ya Google wenyewe, Galaxy S8, Huawei P20, na Redmi 5A ambayo hapa mtaani niliibadilisha vioo mpaka nikaichoka. Kazi ya kuziba ilikuwa imekwisha, kilichokosekana ni kukifikisha kiraka.

Na wanaoziba, wakiamua, wana haraka. Machi 2022 lilitangazwa kosa la Dirty Pipe. Aliyeligundua, Max Kellermann, alianza kwa kufuatilia malalamiko ya mafaili ya kumbukumbu yaliyokuwa yakiharibika kwenye seva. Akapeleka taarifa kwa watu wa Linux tarehe 20 Februari. Tarehe 23 matoleo yenye kiraka yalishatoka. Siku tatu! Simu nyingi zinazoletwa kwangu zilipona na kosa lile, lakini si kwa ubora. Lilianzia keneli ya 5.8, nazo bado ziko kwenye 4. Ziliokolewa na uzee.

Baada ya hapo kiraka kina safari: kutoka Linux kwenda Google, kwa mtengenezaji wa chipu, kwa mtengenezaji wa simu, ndipo kimfikie mama wa Tandika. Mtengenezaji wa chipu akishaacha kuihudumia chipu yake, au kampuni ya simu ikiona modeli imekwisha sokoni, safari inaishia hapo. Wateja huniambia, "Fundi, si uniflashie tu?" Kuflashi kunarudisha faili lilelile la kiwandani, lenye keneli ileile. Nitakupokea elfu kumi na tano na tundu lako nitakurudishia kama lilivyokuwa. Kuweka mfumo mwingine uliotengenezwa na watu wa mtandaoni kunawezekana kwa modeli chache, na hata hapo programu nyingi za benki zikigundua zinagoma kufunguka.

Ombi langu naliweka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, maana ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini. Uwezo wanao: Juni 2016 walizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba za IMEI zinazotambulisha kila simu, Kariakoo tuliisikia siku hiyo. Siombi wazime simu za zamani. Huyo mama atafanyia wapi kazi? Naomba simu mpya isiidhinishwe kuuzwa mpaka mwagizaji aandike kwenye boksi, kwa Kiswahili, mwezi na mwaka ambao masasisho ya usalama yatakoma. Uingereza imeshawalazimisha watengenezaji kutaja muda huo tangu tarehe 29 Aprili 2024. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, tangu Juni 2025 unadai masasisho ya angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kampuni ni hizihizi zinazotuletea sisi mzigo, kwa hiyo tarehe wanazijua.

Nitaambiwa bei zitapanda. Kwa mstari mmoja wa wino? Anayetaka ya bei ndogo yenye mwaka mmoja ataichukua akijua, na mwenye kuweka mtaji wa watu kwenye simu ataongeza kidogo achukue ya miaka minne. Leo wote wawili wanachagua kwa rangi.

Nimeshajaribu kuuliza mwenyewe. Kwenye duka moja la jumla nilimwuliza kijana simu aliyoishika itapata masasisho ya usalama hadi lini. Akaigeuza nyuma, akanionyesha. "Dada fundi, hii ina kamera tatu." Nikamwuliza tena, akaniita bosi wake. Bosi akasema betri ni elfu tano.

Fundi Zuhura,
Kariakoo, Dar es Salaam