Kabla ya kukabidhi mkusanyo wa mzee kwa wakfu

Mhariri,

Mkusanyaji wa sanaa anapofariki, aghalabu familia huharakisha kuukabidhi mkusanyo wake kwa wakfu wa utamaduni. Picha zinapigwa, mikono inapeanwa, masanduku yanapakiwa kwenye lori. Baadaye mtafiti akiomba kuona barua fulani, hakuna anayejua iliko, wala kama iliwahi kufika. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi nyaraka tunaomba jambo moja: lisihamishwe hata sanduku moja kabla orodha haijakamilika na hati ya zawadi haijatiwa saini na pande zote mbili.

Mfano tunao hapa hapa. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alikusanya na mkewe Sheila vitabu adimu, stempu, nguo, vinyago na barua. Sehemu ya mkusanyo huo iko Nyaraka za Taifa, kwenye jengo la Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa la Benki ya India. Nyingine iko Nairobi Gallery, iliyokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Mwananchi anaingia na kuviona. Nyumba yake ya Muthaiga je, aliyotarajia igeuzwe taasisi ya masomo ya Kiafrika? Iliachwa ikaharibika. Vitu vilipata wa kuvitunza na kuvihesabu. Matarajio ya mwenyewe hayakupata wa kuyadai.

Orodha haihitaji mtaalamu. Kila kitu kipewe namba, kisha iandikwe ni nini, kazi ya nani, vipimo kwa sentimita, kimetengenezwa kwa nini, kina kasoro gani, na mzee alikipata wapi na lini. Kwenye karatasi, namba iandikwe kwa penseli laini, nyuma, kona ya chini. Kwenye kinyago, ifungwe lebo kwa uzi wa pamba. Wino hupenya hadi upande wa pili, na gundi ya stika huacha doa lisilotoka. Kila mchoro upigwe picha mbele, nyuma na kwenye saini.

Upande wa nyuma ndio familia husahau, nao ndio wenye ushahidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya vipande vya hadibodi, na akafariki mwaka 1972. Hakuchora muda mrefu, lakini michoro inayouzwa kwa jina lake ni mingi kupita kiasi. Kinachosaidia kutenganisha halisi na bandia ni risiti, barua ya muuzaji, au picha ya zamani ya sebuleni inayoonyesha mchoro ukining'inia ukutani. Inatuuma kuona michoro ikipelekwa kwenye wakfu huku risiti zikichomwa pamoja na magazeti makuukuu. Karatasi zifuatane na kazi zake, na zibaki katika mpangilio ule ule aliouacha mzee. Mtu akizipanga upya kwa tarehe kwa nia njema, anafuta habari ya barua ipi ilihusu kitu kipi.

Hati ya zawadi nayo iseme wazi. Mwenye karatasi si lazima awe mwenye hakimiliki: Kenya, hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na mkusanyaji aliyenunua mchoro hakununua haki ya kuuchapisha kwenye kalenda. Hati itaje pia kama wakfu unaruhusiwa kuuza, barua zenye siri za watu walio hai zifungwe hadi lini, na mkusanyo uende wapi wakfu ukivunjika. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu siku ya sherehe hakuna anayetaka kutamka neno kuvunjika.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota kwenye karatasi na turubai. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa jioni hakitatui shida: usiku unyevu hurudi juu, na karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Afadhali feni, rafu zilizoachana na ukuta, na kipima unyevu kinachosomwa asubuhi na jioni. Unga mpya chini ya kinyago ni dalili kwamba mdudu yumo ndani. Kinyago cha mbao tupu kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, hewa itolewe, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiachwe siku nzima bila kufunguliwa ili umande usitande juu yake. Michoro ya rangi haiingizwi humo. Filamu yenye harufu ya siki itengwe mara moja, maana mvuke wake huozesha za jirani. Pini za stepla zitolewe kwa mkono, taratibu, kabla ya kutu kula karatasi, na selotepu isikaribie kabisa.

Wakfu usio na chumba kikavu wala mshahara wa mtunzaji mmoja ukatae zawadi, na uielekeze familia Nyaraka za Taifa au kwenye maktaba ya chuo kikuu. Miswada ya Kiswahili na Kiarabu aliyoikusanya mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen iliingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Msomaji aliye Lamu, Muscat au London anaweza kuitaja kwa namba kabla hajapanda basi wala ndege.

Wahifadhi wa nyaraka,
Mombasa